Stesheni ya Kigoma si ya Mwingereza, na ya kwetu kusini ilikuwa ya bati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji mwenzangu ambaye mwezi uliopita alipendekeza kwamba, reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay itakapojengwa, stesheni zake zijengwe kwa mtindo wa Kiingereza wa zamani, “kama tunavyouona Tanga na Kigoma”, ili zivutie wageni na kutunza historia ya mikoa yetu. Nia yake ni njema na sina ugomvi naye. Hata hivyo, mimi ni fundi wa ujenzi mstaafu, nimeshika mwiko na timazi kwa zaidi ya miaka 30 hapa Mtwara na Lindi, na nimekuwa na ugonjwa wa kupenda habari za majengo ya reli tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Nimeona kwamba pendekezo lake limesimama juu ya msingi wenye ufa, na ufa huo usipozibwa mapema utaonekana ukutani baadaye.

Nianze na ukweli wa tarehe. Reli ya Tanga ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, nayo Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Jengo lile la fahari lililo mwisho wa Reli ya Kati, ambalo msomaji mwenzangu analisifu, ni la Mjerumani. Mwingereza alipokabidhiwa nchi hii baada ya vita alizikuta reli hizo zimekwisha kulazwa. Yeye aliongeza tawi la Tabora hadi Mwanza, lililokamilika mwaka 1928, na kipande cha Moshi hadi Arusha mwaka uliofuata. Kwa hiyo anayetaka kutazama kazi ya Mwingereza Tanganyika asisimame Kigoma. Na anayetaka kuitazama kwa wingi zaidi, avuke mpaka aende Mombasa, au avuke bahari aende Mumbai.

Mtindo wenyewe wa Kiingereza ni upi, basi? Hapa ndipo jambo linapokuwa tamu kwa fundi, kwa sababu Waingereza walilazimika kuvumbua aina ya jengo ambayo haikuwapo duniani. Msikiti una kielelezo chake cha karne nyingi, kanisa lina chake, soko lina chake, lakini reli ya Liverpool na Manchester ilipofunguliwa mwezi Septemba 1830 hapakuwa na mtu aliyejua stesheni inapaswa kufanana na nini. Jengo la Liverpool Road mjini Manchester, ambalo bado limesimama na leo ni sehemu ya makumbusho, ukiliona kutoka barabarani utadhani ni nyumba ya mfanyabiashara mwenye uwezo. Ndani yake, hata hivyo, mpango ulikuwa mpya kabisa: abiria wa daraja la kwanza walikuwa na mlango wao na chumba chao cha tiketi, wa daraja la pili wakawa na wao, kisha wote wakapanda ngazi kwenda kuifuata treni iliyopita juu, usawa wa ghorofa ya kwanza. Miaka saba baadaye, stesheni ya Euston jijini London ilipewa lango kubwa la mawe lililochorwa na Philip Hardwick, lenye nguzo nene za Kigiriki, kana kwamba abiria anaingia hekaluni. Lango hilo halikubeba paa la treni wala halikuuza tiketi. Kazi yake ilikuwa kumtia mtu moyo wa kukiamini chombo kipya kilichokuwa kikitoa moshi na cheche. Lilibomolewa miaka ya 1961 na 1962, watu wakilalamika na serikali ikiziba masikio. Nalitaja hilo kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kubomoa historia ni tabia yetu sisi peke yetu.

Baadaye vikaja chuma na kioo. Kodi ya kioo iliondolewa Uingereza mwaka 1845, na mwaka 1851 likasimamishwa jijini London lile jumba la maonyesho la kioo ambalo sehemu zake zilitengenezwa viwandani zikafanana, zikaletwa uwanjani na kuungwa kama tunavyounga kitanda. Wahandisi wa reli walilitazama wakaelewa mara moja. Stesheni ya King’s Cross ilifunguliwa mwaka 1852, Paddington ya Isambard Kingdom Brunel ikafuata mwaka 1854, na mwaka 1868 ikaja St Pancras, ambayo mimi kama fundi naiona kuwa ndiyo kilele cha kazi yote hiyo. Mhandisi William Henry Barlow alitaka paa la upinde mmoja wenye upana wa karibu mita 73 bila nguzo hata moja katikati. Kila fundi anajua kwamba upinde hutanua miguu yake, na miguu hiyo lazima ishikwe na kitu. Kwa kuwa njia za reli zilipita juu ya ghala, Barlow alizitumia boriti za sakafu ya jukwaa kuwa kamba ya kuishika miguu ya upinde, na sakafu ikawa inafanya kazi mbili. Na ghala lile la chini? Lilikuwa la mapipa ya bia iliyotoka Burton, na nafasi kati ya nguzo zake ilipimwa kwa vipimo vya mapipa hayo. Watu hupiga picha sura ya mbele ya matofali mekundu, ambayo ni hoteli iliyochorwa na George Gilbert Scott, lakini uhandisi uko nyuma, na vipimo vyake vilianzia kwenye pipa la bia.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa makusudi. Stesheni ya Kiingereza tangu mwanzo ilikuwa vitu viwili vilivyooanishwa: uso wa mbele uliovaa nguo za zama fulani, ziwe za Kigiriki au za makanisa ya kale, na mwili wa nyuma uliofuata kazi. Nguo zilibadilika kila baada ya miaka michache. Mwili ndio uliosafiri ukaenea duniani.

Ulisafiri pamoja na fedha. Kampuni zilizokusanya mitaji London zilitaka wahandisi wanaowajua, na wahandisi hao waliagiza chuma kutoka katika viwanda wanavyovijua, na mchoraji wa majengo akaja nyuma yao na mikoba yake. Hata Wafaransa, ambao si watu wa kukubali kirahisi kuongozwa na Mwingereza, reli yao ya Paris hadi Rouen iliyofunguliwa mwaka 1843 ilijengwa na mhandisi Joseph Locke pamoja na wakandarasi wa Kiingereza, na stesheni za njia hiyo zikachorwa na William Tite wa London. Brazil haikuwa koloni la Uingereza, lakini stesheni ya Luz mjini São Paulo, iliyofunguliwa mwaka 1901, ilichorwa na Mwingereza Charles Henry Driver, na vifaa vyake vikavushwa bahari kutoka Uingereza. Argentina nayo, stesheni ya Retiro ya Buenos Aires iliyofunguliwa mwaka 1915 ni ya Kiingereza kuanzia mchoro hadi chuma cha paa. Kwa hiyo jengo la Kiingereza halikuhitaji bendera ya Kiingereza kupepea juu yake. Mwenye kisu ndiye mla nyama, na kisu wakati ule kilikuwa mtaji.

Penye bendera mambo yalikuwa na uzito mwingine. Treni ya kwanza ya abiria nchini India iliondoka Bombay, yaani Mumbai ya leo, kwenda Thane tarehe 16 Aprili 1853. Miaka minne baadaye yakatokea maasi makubwa dhidi ya utawala wa Kiingereza, na maasi hayo yanasomeka katika kuta za stesheni. Ile ya Lahore, ambayo msingi wake uliwekwa mwaka 1859, ilijengwa kama ngome: ina minara, ina matundu ya kulengea bunduki, na sehemu ya kupitishia treni iliwekewa milango mizito ya kufungwa wakati wa hatari. Msafiri aliyefika pale na mzigo wake kichwani alikuwa anaingia katika jengo lililokwisha kumhesabu kuwa adui anayeweza kuja kesho. Hiyo pia ni stesheni ya Kiingereza, na nadhani msomaji mwenzangu hakuikusudia.

Aliyoikusudia, naamini, ni ya aina ya Victoria Terminus ya Bombay, ambayo leo ina jina la Chhatrapati Shivaji na tangu mwaka 2004 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Mchoraji wake, Frederick William Stevens, alipewa nafasi ya kwenda Ulaya kutazama stesheni kabla ya kuchora, na kazi ya ujenzi ikachukua miaka 10 kuanzia 1878. Kuna kuba kubwa, kuna matao yaliyochongoka, kuna vioo vya rangi, na langoni wamekaa simba na chui milia wa mawe, mmoja akiwa alama ya Uingereza na mwingine ya India. Mtu akiitazama haraka atasema ni ndugu wa St Pancras. Akikaa nayo ataona kwamba nakshi nyingi za ndani, ndege, nyani na majani ya miti ya huko, zilichongwa na wanafunzi wa chuo cha sanaa cha Bombay na mafundi wa Kihindi, na kwamba mpangilio wa kupitisha hewa na kuweka kivuli umefuata jua la Bombay. Jengo lile lina baba Mwingereza na mama Mhindi, na uzuri wake hauwezi kugawanywa kwa kusema hiki cha huyu na hiki cha yule.

Si kila mahali mchanganyiko huo ulifanywa kwa busara. Kuala Lumpur, mchoraji Arthur Benison Hubback aliifanya stesheni iliyokamilika mwaka 1910 kuwa na vikuba vidogo na matao ya Kaskazini mwa India, kwa hesabu kwamba nchi ya Waislamu itapendezwa na majengo ya Waislamu, hata kama Waislamu hao wa Kimalaya walikuwa na ujenzi wao wa mbao na mapaa ya miinuko ambao haukufanana kabisa na huo. Ni sawa na mtu kuja Lindi, akasikia kwamba watu wengi hapa ni Waislamu, akawajengea stesheni ya Kituruki. Kuna pia masimulizi maarufu kwamba paa la stesheni ya zamani ya Durban lilichorwa ili libebe theluji, kwa sababu michoro yake ilichanganywa na ya mji wa Kanada. Masimulizi ya theluji husimuliwa vilevile kuhusu paa la Kuala Lumpur, na hadithi moja inapokuwa na makazi mawili mimi huiweka kando. Lakini naelewa kwa nini watu huipenda, maana kila aliyetawaliwa amewahi kukaa chini ya paa lililochorwa na mtu asiyejua mvua ya kwake.

Na upande wa pili wa mzani usisahauliwe. Waingereza walipofika Bengal walikuta nyumba ya chini yenye paa lililoshuka hadi kuifunika baraza pande zote, wakaichukua pamoja na jina lake, ndiyo hiyo tunayoiita bangaloo. Stesheni ndogo zilizojengwa Asia na Afrika zilitokana zaidi na nyumba hiyo kuliko na lango la Euston. Baraza pana, paa lenye mteremko, chumba cha tiketi katikati, chumba cha stesheni masta upande mmoja na cha kusubiria upande mwingine: tunauita mtindo wa Kiingereza kwa sababu Mwingereza ndiye aliyetuletea, lakini aliubeba kutoka kwa watu wengine wa jua kali.

Ndivyo ilivyokuwa Afrika Mashariki. Reli ya Uganda iliyoanza Mombasa mwaka 1896, ikapita Nairobi mwaka 1899 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901, ilikuwa reli ya Kihindi kwa kila hali ila umiliki: upana wake wa mita moja ulitoka India, wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na kanuni za kazi vilevile. Stesheni zake za kwanza hazikuwa na nguzo za Kigiriki. Zilikuwa za mbao na bati, na bati lenyewe ndilo mchango mkubwa wa Uingereza katika ujenzi wa dunia ambao hakuna anayeuimbia sifa. Mhandisi Henry Robinson Palmer wa London alipata hataza ya bati la migongo mwaka 1829. Bati lisilo na migongo hujikunja likibebwa, lakini likishapigwa migongo huweza kuvuka nafasi kubwa kwa fito chache tu, hulazwa moja juu ya jingine melini bila kupoteza nafasi, na mtu asiye fundi hulipigilia siku hiyohiyo. Tukitafuta alama ya Mwingereza katika vijiji vya Tandahimba au Liwale, hatutaipata katika tao wala katika kuba. Ipo juu ya vichwa vyetu kila mvua inaponyesha, na tunaisikia.

Sasa nije nyumbani. Reli yetu ya kusini ilizaliwa na njaa ya watu wengine. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na serikali yake ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa mashine, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwenye ekari zaidi ya milioni 3. Ili karanga za Nachingwea zifike melini, reli ilijengwa kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, na ikafika Nachingwea mwaka 1949. Kwa kuwa hori la Lindi halifai meli kubwa, bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, na njia ya reli ya kutoka Mtwara kwenda kuungana na ile ya kwanza huko Ruo ilifunguliwa pamoja na bandari mwaka 1954. Mradi wa karanga wenyewe ulikwisha kufutwa mwaka 1951, baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Kwa maneno mengine, treni ya Mtwara ilianza kwenda kuchukua karanga miaka mitatu baada ya karanga kushindikana. Ilibeba korosho, magogo na watu, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na mataruma yake yakang’olewa.

Tazama tarehe hizo, Ndugu Mhariri, uzilinganishe na zile nilizozitaja za Bombay na São Paulo. Mwingereza wa Malkia Victoria, mwenye chuma cha kusubu na vioo vya rangi, hakuwahi kujenga stesheni Mtwara wala Lindi. Aliyetufikia sisi alikuwa Mwingereza aliyetoka vitani, anayekula kwa kadi ya mgawo, mwenye haraka na asiye na fedha ya kupamba. Baba yangu mdogo, ambaye alifanya kazi ya kukaza mataruma katika njia ile, alikuwa akinieleza kituo chake alichokiita stesheni kwa heshima kubwa, nami nikiwa mtoto nikajenga picha ya jumba. Nilipokua nikamwuliza vipimo. Kilikuwa banda la bati la hatua kumi kwa tano, lenye benchi moja, dirisha la tiketi, tangi la maji la injini upande wa pili wa njia, na kipande cha reli kilichoning’inizwa juu ya mti kuwa kengele. Kivuli kilikuwa cha mwembe, wala si cha jengo. Alisema abiria walikaa chini ya mwembe na banda likakaliwa na magunia.

Kwa hiyo anayesema tujenge kwa mtindo wa Kiingereza ili kutunza historia ya kusini anatuomba tutunze historia ya Bombay. Kama ni historia yetu, ni hiyo ya banda na mwembe. Sisemi tujenge mabanda. Nasema tusijidanganye kwamba palikuwa na kasri.

Lakini mwili wa stesheni, nilioutenganisha na nguo zake, una mambo ya kuazima bila aibu. La kwanza ni paa la jukwaani. Wajenzi wa Kiingereza walizoea kulitoa paa hilo nje sana, hadi karibu na ubavu wa behewa, na pembeni wakapigilia mbao zilizochongwa meno kama ya msumeno. Watu huziona mbao hizo kuwa pambo, na katika michoro ya kisasa huwekwa kama pambo, lakini fishabodi ile yenye meno iliteremka chini ili kukata mvua ya upepo na kuudondosha mchirizi wa maji mahali pa uhakika badala ya kuuacha utambae kurudi ndani. Kwetu mvua ya kaskazi huja ikiwa imelala. Paa fupi la kileo, jembamba kama jani la karatasi, litamlowesha abiria mpaka mifupani. Jambo jingine ni nguzo zenye uwazi ndani, ambazo zilibeba paa na papo hapo zikawa bomba la kuteremshia maji ya gata. Mtwara, ambako maji ya kunywa ni shida ya kila mwaka, nguzo kama hizo zingejaza matangi chini ya jukwaa. Sharti liwe kwamba zisiwe za chuma kitupu, maana chumvi ya bahari yetu haina huruma. Nimeona kenchi za chuma zikitoboka kwa kutu katika muda mfupi katika ghala moja la hapa mjini ambalo lilijengwa kwa mchoro ulioletwa kutoka bara, na mkandarasi akalaumu rangi.

Lipo pia la kutoazima hata kidogo. Ile milango miwili ya Manchester ya mwaka 1830 ilikua na kuzaa watoto wabaya ilipofika makoloni. Daraja la tikiti likageuka daraja la ngozi. Usiku wa tarehe 7 Juni 1893, Mohandas Gandhi aliteremshwa kwa nguvu kutoka katika behewa la daraja la kwanza kwenye stesheni ya Pietermaritzburg, huko Afrika Kusini, akapitisha usiku wa baridi katika chumba cha kusubiria. Stesheni ile ni jengo zuri la matofali mekundu, lenye chuma kilichonakshiwa, la Kiingereza tupu, na ubora wa matofali yake haukumsaidia. Katika reli za Afrika Mashariki nako, Mwafrika alijulikana kwa daraja la tatu, na mchoro wa stesheni ulihakikisha kwamba hakutani na Mzungu hata chooni. Mchoraji wa leo anayenakili mpango wa zamani, mwenye vyumba vitatu vya kusubiria vilivyotenganishwa kwa kuta, ajue kwamba kuta hizo hazikuwekwa kwa ajili ya kubeba paa.

Na tusidhani kwamba jambo hili la kuvishwa nguo za mjenzi limekwisha na Mwingereza. Stesheni za TAZARA, reli iliyojengwa na Wachina katika miaka ya 1970, zina upana na uzito wa majengo ya umma ya China ya wakati ule. Stesheni ya reli ya kisasa ya Dar es Salaam, njia iliyoanza safari hadi Dodoma mwaka 2024 na kujengwa na kampuni ya Kituruki, imefunikwa kwa kioo na kupewa umbo la kito cha tanzanaiti. Hapo angalau mtu alijaribu kuuliza jengo lizungumze nini kuhusu nchi, ingawa mimi ningeuliza pia kioo kile kinatumia umeme kiasi gani kupoozwa saa nane mchana. Reli ya kusini ikija, mjenzi wake atakuja na mikoba yake kama Tite alivyokwenda Rouen, na asipokuta kitu mezani atachora anachokijua.

Ombi langu basi ni kwamba akute kitu mezani. Kabla ya mitambo ya kusawazisha kupita, mabaki ya reli ya karanga yapimwe, yachorwe na yapigwe picha kutoka Mtwara hadi Nachingwea: vipande vya tuta, madaraja madogo, misingi ya majengo, mahali palipokuwa na matangi. Vijana wa vyuo vya ufundi wa Mtwara na Lindi wanaweza kuifanya kazi hiyo katika muda wa mafunzo yao ya vitendo, na wazee waliowahi kupanda treni ile, ambao sasa wamebaki wachache na wengi wao walikuwa watoto wakati huo, waulizwe walikaa wapi walipokuwa wakisubiri, jua liliwapiga upande gani, na mizigo yao iliwekwa wapi. Zipimwe pia baraza za nyumba za zamani za Mikindani, upana wake na kimo cha paa lake, kwa sababu waliozijenga walikwisha kufanya majaribio ya kusi na kaskazi kwa vizazi kadhaa bila kumwomba mtu ruzuku.

Mimi nimeanza. Kwa futi ya kamba na msaada wa mjukuu wangu, nimepima kalvati moja ya zege na kipande cha tuta cha hatua 212 kilicho njia ya kwenda shambani kwangu, na nimechora kwa penseli, kwa kipimo cha moja kwa hamsini, banda la baba yangu mdogo jinsi alivyonieleza, pamoja na mwembe. Mwembe bado upo na unazaa. Michoro hiyo naiambatanisha na barua hii, Ndugu Mhariri, na baada ya kuitazama naomba umkabidhi msomaji mwenzangu, naye akipenda aje Mikindani tukapime kalvati ya pili, ambayo kwa sasa imefunikwa na upupu na inahitaji watu wawili wenye mapanga.

Wako,
Fundi mstaafu wa ujenzi,
Mikindani, Mtwara